Mafumbo ya x na y, na vipande viwili vya kuku

Leo sina habari za simu mpya wala za bei ya bando. Nataka tuzungumze hesabu, tena zile zilizowatoa wengi jasho sekondari: hesabu za vitu viwili visivyojulikana. Kalamu tatu na vitabu viwili ni shilingi kadhaa, kalamu mbili na vitabu vitano ni shilingi kadhaa, tafuta bei ya kila kimoja. Mnazikumbuka. Kuna waliozipenda, na kuna waliotazama dirishani wakingoja kengele.

Msomaji mmoja ameniandikia barua pepe akiuliza kama kuna programu ya simu inayoweza kumfanyia mwanawe hesabu hizi. Zipo, tena tele. Siku hizi unapiga swali picha, hata likiwa la maneno matupu, na jibu linakuja na hatua zake zote kabla hujaiweka simu mezani. Sina ugomvi na programu hizo. Lakini swali la kitabuni limeshapikwa na mtu. Ameamua kipi hakijulikani, amekupa taarifa mbili kamili, na amehakikisha kwamba jibu lipo na ni moja. Mimi naandika programu kwa kazi, na bado sijaona mteja anayekuja na swali la namna hiyo. Mteja huja na malalamiko. Kuyageuza malalamiko kuwa x na y ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Tuanze na fumbo la zamani. Katika kitabu cha hesabu cha Kichina kiitwacho Sunzi Suanjing, kilichoandikwa kati ya karne ya 3 na ya 5, ndege na sungura wamefungiwa pamoja. Vichwa ni 35, miguu ni 94. Ndege ni wangapi na sungura ni wangapi?

Mwenye kitabu hakuandika x wala y. Alisema gawanya miguu kwa mbili, upate 47. Toa vichwa 35. Zinazobaki, 12, ndizo idadi ya sungura. Basi! Ndege ni 23.

Nilipoiona njia hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Fikiria kila mnyama ameinua nusu ya miguu yake. Ndege amesimama kwa mguu mmoja na sungura kwa miwili. Kama wote wangekuwa ndege, miguu iliyo chini ingelingana na vichwa. Kila kinachozidi vichwa ni mguu mmoja wa sungura mmoja. Aliyeelewa hapo hahitaji kukariri kanuni yoyote, na kwa maandishi ya darasani ni jambo lile lile:

n + s = 35
2n + 4s = 94

Gawanya mlinganyo wa pili kwa 2, toa wa kwanza, s = 12. Mchina yule alikuwa anafanya hivyo hivyo kwa maneno.

Na si yeye peke yake. Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, ndiye tuliyepata kwake neno aljebra, kutoka neno la Kiarabu al-jabr katika jina la kitabu chake. Maana yake ni kurudisha kitu mahali pake, na Waarabu walilitumia neno hilo hilo kwa kuunga mfupa uliovunjika. (Kutokana na jina lake mwenyewe tukapata neno algorithimu, kwa hivyo sisi waandishi wa programu tunamdai heshima mara mbili.) Kitabu kile chote ni maneno. Hakina x, hakina alama ya sawasawa. Alama ya = ilibuniwa na Robert Recorde kule Uingereza mwaka 1557, na mtindo wa kutumia x, y na z kwa visivyojulikana ulienezwa na Descartes mwaka 1637. Kwa karne nyingi watu walitatua mafumbo haya kwa lugha yao ya kila siku. Kwa hivyo mwanafunzi akiniambia kwamba maneno ndiyo yanayomchanganya, humwambia maneno yalikuwapo kwanza, herufi ni wageni.

Ila maneno nayo yana mtego wake. Jaribu hili, ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma. Andika mlinganyo wa sentensi hii: "Katika shule hii, wanafunzi ni mara sita ya walimu." Tumia w kwa wanafunzi na m kwa walimu.

Umeandika 6w = m? Basi hauko peke yako. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliwapa swali la aina hiyo wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu, na zaidi ya theluthi moja walikosea, wengi wao kwa kugeuza namna hiyo hiyo. Sahihi ni w = 6m. Ukiwa na walimu 10, wanafunzi ni 60. Tia namba utaona.

Kosa hili halitokani na ujinga. Mtu husoma w kama neno "wanafunzi", kana kwamba ni lebo kwenye gunia, halafu 6w kwake inakuwa "wanafunzi sita". Lakini w si mwanafunzi. Ni namba, ni idadi ya wanafunzi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku utakapofungua programu ya mtu mwingine ukute kigeu kimeitwa "kuku", na usijue kama humo ndani mna idadi ya kuku, bei ya kuku, au jina la kuku. Mimi huandika idadi_ya_kuku kwa ukamilifu, hata wenzangu wakinicheka kwamba naandika barua. Kwenye daftari la hesabu ningemshauri mwanafunzi afanye vivyo hivyo, mstari wa kwanza kabisa: "y ni idadi ya vipande vya kuku vilivyolipiwa." Neno "vilivyolipiwa" lishikeni, tutalihitaji.

Yale ya umri nayapitia haraka, maana kwa Kiswahili yana afueni. Miaka mitano iliyopita baba alikuwa na umri mara saba ya mwanawe. Miaka mitano ijayo atakuwa na umri mara tatu ya mwanawe. Sikiliza vitenzi: "alikuwa" inakuambia utoe, "atakuwa" inakuambia ujumlishe, na unafanya hivyo kwa wote wawili, kwa sababu mtoto naye anazeeka. b − 5 = 7(m − 5), na b + 5 = 3(m + 5). Ukifungua mabano unapata b = 7m − 30 na b = 3m + 10, hivyo 4m = 40. Mtoto ana miaka 10, baba 40. Rudi nyuma ujaribu: 35 na 5, kisha 45 na 15. Sawa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo halikuandikwa na mtu.

Karibu na ninapoishi kuna kibanda cha chipsi. Bei ni mbili tu: chipsi tupu shilingi 100, chipsi na kipande cha kuku shilingi 220. Mwenye kibanda ni mama anayeamka alfajiri kwenda sokoni kutafuta viazi, na mchana humwachia kazi binti mmoja aliyemwajiri. Jioni moja nilikwenda kununua nikakuta maneno.

Mama alikuwa amehesabu pesa za siku, za mkononi na za M-Pesa pamoja, akapata shilingi 6,880. Asubuhi alikuwa ameacha vipande 24 vya kuku. Kwenye kabati la kioo vilibaki 3. Vilivyotoka basi ni 21, na 21 mara 220 ni 4,620. Ukitoa kwenye 6,880 zinabaki 2,260, na 2,260 huwezi kuigawa kwa 100 ikaisha. Mama hakuhitaji aljebra kuona kuna jambo. Alikuwa ameshaamua: binti alipwe siku zake, kesho asije.

"Pesa zangu zinaliwa," akaniambia. "Wewe kijana wa kompyuta, hebu nipigie hesabu uone kama nasema uongo."

Binti alisimama kando ya karai, macho chini, kimya.

Nikauliza, "Mama, chipsi tupu mmeuza ngapi?" Hakuna aliyejua. Viazi hupimwa kwa ndoo, na sahani moja si sawa na nyingine. Kwa hivyo nilikuwa na taarifa moja tu ya kuaminika kuhusu mauzo. Kama x ni idadi ya chipsi tupu zilizolipiwa na y ni idadi ya chipsi-kuku zilizolipiwa, basi:

100x + 220y = 6,880

Mlinganyo mmoja, visivyojulikana viwili. Darasani tuliambiwa hapo huwezi kupata jibu. Si kweli kabisa, maana huwezi kuuza nusu ya kipande wala chipsi hasi. Gawanya yote kwa 20 upate 5x + 11y = 344, kisha tafuta namba kamili tu. Majibu yako sita: kuku 4 na chipsi tupu 60, kuku 9 na 49, kuku 14 na 38, kuku 19 na 27, kuku 24 na 16, kuku 29 na 5. Siku sita tofauti kabisa, zote zikiacha pesa zile zile kwenye kopo. Na tazama: kuku 21 haimo hata katika moja. Mama alikuwa sahihi kwamba kitu hakilingani. Lakini kipi?

Taarifa ya pili niliipata juu ya meza. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, chipsi za kubeba hufungwa kwenye mifuko ya khaki, na pale kibandani kila mteja hufungiwa mfuko mmoja, awe amenunua tupu au za kuku. Asubuhi hiyo Mama alikuwa amefungua furushi jipya la mifuko 100. Tukaihesabu iliyobaki, mimi na yeye, mmoja mmoja. Ilikuwa 54. Kwa hivyo iliyotumika ni 46:

x + y = 46

Hapo sikuandika kitu. Nilimweleza kwa njia ya yule Mchina. "Mama, tuseme wateja wote 46 walinunua tupu. Ungekuwa na 4,600. Lakini una 6,880, zimezidi 2,280. Kila aliyechukua kuku aliongeza 120. Gawanya." Akachukua simu yake akagawanya mwenyewe. Ikatoka 19 kamili, bila mkia. Kuku 19 walilipiwa, chipsi tupu 27. Jaribu: 4,180 na 2,700 ni 6,880. Ni lile jibu la nne katika yale sita.

Ile "bila mkia" ina uzito kuliko inavyoonekana. Kama mtu angekuwa ametoa noti ya 50 au ya 200 kwenye kopo, jibu lingekuja na sehemu. Kwa mfano, 6,830 ingetoa kuku 18.58. Pesa na mifuko, vitu viwili vilivyohesabiwa mbalimbali, vilikuwa vinakubaliana mpaka shilingi ya mwisho. Kilichokataa ni hesabu ya kuku: vilitoka 21, vililipiwa 19.

Lazima niwe mkweli kama nilivyokuwa mkweli kwake. Milinganyo ile haikuthibitisha kwamba hakuna aliyegusa pesa. Kama chipsi-kuku 21 na tupu 25 zingeuzwa, pesa zingekuwa 7,120, halafu mtu achukue 240, zingebaki 6,880 hizo hizo. Kwa aliyetazama kopo na mifuko tu, siku hizo mbili ni pacha. Lakini mwizi wa kopo huchukua noti. Kuchukua 240 kamili, yaani 120 mara mbili sawasawa, ni bahati ya ajabu au ni mtu aliyekaa chini akapiga hesabu hii kabla yetu. Nikamwambia, "Mama, hesabu haisemi ni nani. Inasema kuna vipande viwili ambavyo havikulipiwa. Kabla ya kuuliza nani kachukua pesa, uliza kuku wawili wamekwenda wapi."

Akauliza. Binti hakujibu. Aliinua macho mara moja tu, akatazama benchi la nyuma.

Kwenye benchi alikuwa ameketi kaka yake Mama, ambaye mtaa mzima tunamwita Anko, anachokonoa meno kwa kijiti. Anko hula pale mchana. Hajawahi kulipa na hakuna aliyewahi kumwandika popote.

"Leo nilikula viwili," akasema, bila wasiwasi wowote. "Kwani iko shida?"

Ilikuwako. Msichana wa kazi hawezi kumtaja kaka wa mwajiri wake mbele ya watu, hata kama kibarua chake kinaondoka. Angenyamaza mpaka alipwe siku zake aende. Kwa lugha ya kazi yangu, kulikuwa na kigeu cha tatu ambacho kila mtu alikijua na hakuna aliyekitangaza. Mama hakumwomba binti radhi mbele yangu. Alitazama kando kitambo, akafunga chipsi na kipande kimoja katika vile vitatu, akampa aende nazo nyumbani. Binti bado yupo. Daftari lao sasa lina safu tatu: tupu, kuku, Anko.

Haya, tukiacha kuku, kuna jambo ambalo ningependa wanaoandika programu za biashara ndogo walichukue hapa. Nimeona nyingi zinazoweka jumla ya pesa tu kila siku, zinachora na grafu nzuri juu yake. Jumla peke yake ina siku sita ndani yake, tumeona. Na si kila taarifa ya pili itakusaidia. Tuseme jana mandazi 3 na chai 2 ziliuzwa kwa shilingi 90, na leo mandazi 6 na chai 4 kwa shilingi 180. Unadhani una milinganyo miwili. Unao mmoja, umevaa koti. Ya leo ni ya jana mara mbili, haikuambii kitu kipya.

Kuna kipimo cha haraka cha kugundua hilo. Chukua namba nne zilizo mbele ya x na y, zidisha kwa mshazari, kisha toa. Kwa mandazi: 3 mara 4 ni 12, 2 mara 6 ni 12, tofauti ni sifuri. Ikiwa sifuri, ama majibu hayana idadi au hayapo kabisa. Kwa chipsi: 1 mara 220 toa 1 mara 100, ni 120. Unaitambua hiyo 120? Ni nyongeza ya bei ya kuku, ile ile tuliyogawanyia. Kama Mama angeuza kuku kwa bei ya chipsi tupu, mifuko isingetusaidia hata kidogo, na ningekula chipsi zangu nikaenda zangu. Namba hiyo ndiyo inayokaa chini kwenye kanuni ya Cramer, ya mwaka 1750, na ndiyo maana kompyuta ikikutana na sifuri pale inakupigia kelele.

Tahadhari moja ya kiufundi. Usikague sifuri hiyo kwa namba zenye desimali. Kompyuta huzihifadhi kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na 0.1 haiingii humo kamili, jumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha nyingi za programu na utaambiwa si sawa na 0.3. Weka pesa kwa senti, namba kamili, ukague bila hofu. Na kwa matatizo madogo kama haya, huna haja hata ya kanuni. Mzunguko mmoja unaojaribu kuku kutoka 0 hadi 46 ni majaribio 47. Simu yako itayamaliza kabla hujapepesa jicho, na mtoto wa shule atausoma akauelewa.

Nawaachia moja ya kwenda nayo. Mzee mmoja ana kopo la sarafu. Anasema humo mna za shilingi 10 na za shilingi 20 tu. Amezihesabu mara mbili: sarafu ni 37, na jumla ni shilingi 515. Ukitafuta x na y utakwama mara moja, na utaona kwa nini. Mzee hakosei kuhesabu, na sarafu zetu za kawaida ni za 1, 5, 10 na 20. Niandikieni mniambie koponi mna nini. Na kama mmepata majibu zaidi ya moja, niambieni mngemwomba mzee ahesabu kitu gani kingine.